Ukuta Alioupamba Mwaija

Kila asubuhi Mwaija aliamka, akachochea moto, akaenda mtoni mara mbili kuteka maji, akafagia uwanja, halafu akaizunguka nyumba yao polepole akizitazama kuta. Kazi hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote. Palipopasuka alipaziba. Palipobanduka alipasiriba upya kwa udongo aliouchanganya na samadi na majivu. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mkono wake ulijulikana. Majirani walikuja kumwomba kwa mama yake akawapambie kuta, kwa sababu alijua kupitisha vidole kwenye udongo mbichi vikaacha mistari iliyolala kama mishipa ya jani la mgomba.

Nyumba yao ilikuwa katika kijiji kidogo karibu na Korogwe. Zilikuwa zamani za Wadachi. Gari moshi lilikuwa limeshafika Mombo, na palipokuwa na pori sasa palikuwa na mkonge, mstari baada ya mstari. Baba yake, Mzee Mdoe, alifanya kazi katika shamba mojawapo la mkonge. Alitoka alfajiri na kadi yake ya kazi, akarudi jioni mikono imechanika kwa miiba, akala, akalala. Nguzo za nyumba alizijua, maana alizisimamisha mwenyewe. Paa alilijua, maana aliliezeka mwenyewe. Kuta hakuzijua. Kuta zilikuwa shughuli ya mama na ya Mwaija.

Mama yake, Bi Tatu, alikuwa Handeni. Alikwenda huko mara tu baada ya mavuno kumuuguza bibi, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja na hakuwa na mtu wa kumpa hata maji. Siku ya kuondoka alimpeleka Mwaija nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa upande wa magharibi, akachuchumaa akaubonyeza chini kwa kidole gumba. Akamweleza kwamba wakati wa mvua za masika maji hutuama pale, na kwamba mwaka ule ukuta ulikuwa umelainika mguuni kama uji. Safari nyingine hautastahimili. Ichimbwe njia ya kuyapeleka maji kwenye migomba, na mguu wa ukuta ujengwe upya kwa mawe.

"Baba yako hajui," alisema. "Siku akipumzika mwambie. Usisahau, mwanangu."

Mwaija aliitikia. Naye hakusahau. Siku ya kwanza baba alipopumzika, alikumbuka vizuri kabisa. Ila alikumbuka pia kwamba mawe yako mtoni, na kwamba mbebaji angekuwa yeye. Akasema moyoni mwake, wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema vilevile. Jua likaukausha ukuta ukawa mgumu kama kigae. Vuli ya mwaka ule nayo ilikuwa haba, mvua ya kulowesha vumbi tu. Mwisho Mwaija alipopita nyuma ya nyumba hakuutazama tena ukuta ule.

Siku moja baba alirudi na habari. Bibi hakuwa akipata nafuu, na shamba lake kule Handeni lilikuwa limeota magugu. Alikuwa ameamua wahamie huko wote, kabla masika hayajaanza, ili wapate kulima. Nyumba ataiuza. Mwaija alisikia furaha ikimpanda mpaka kooni. Miezi sita hakuwa amemwona mama yake.

Habari za nyumba ya kuuzwa hazikai kijijini. Kesho yake alikuja Salimu, dalali wa sokoni Korogwe, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Alimwamkia Mzee Mdoe, akaizungukia nyumba, akaisifu hata mahali ambapo haikustahili sifa. Akasema aachiwe yeye kazi ya kuiuza.

"Mzee wangu, nyumba haina mdomo," alisema. "Bila mimi, nani ataisemea?"

"Mimi ninao," alijibu Mzee Mdoe. "Nitaisemea mwenyewe."

Salimu alicheka, akamwambia kwamba mdomo wa mzee mkweli kama yeye ungeiuza nyumba ile kwa bei ya banda la kuku. Akaenda zake. Lakini hakwenda mbali, kwa maana alitaka kuona mwisho wake.

Katika kijiji kile palikuwa na sharti. Zamani watu waliuziana nyumba wakijuana, na kila mmoja alijua nyumba ya jirani inavuja wapi. Mashamba ya mkonge yalipoingia, wageni wakawa wengi, na mgeni hawezi kujua. Ndipo Jumbe Mhina, mkuu wa kijiji, alipoweka sharti lake: anayeuza nyumba bila dalali lazima kwanza aiseme. Asimame mlangoni mbele ya mnunuzi, jumbe na mashahidi wawili, ataje kila ugonjwa wa nyumba anaoujua. Aliyejenga aseme nguzo na paa. Anayesiriba aseme kuta na sakafu. Karani wa akida, mkubwa wa majumbe, aandike. Ugonjwa uliotajwa ni wa mnunuzi, amekubali kuuchukua. Ule uliofichwa, ukijitokeza kabla mvua za masika hazijapita, ni wa muuzaji, atautengeneza kwa mikono yake.

Mnunuzi alipatikana upesi. Aliitwa Simeo, seremala kutoka milimani juu ya Mombo, aliyepata kazi ya kupasua mbao Korogwe. Alikuwa na mke, Hosiana, na mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni. Waliahidi kuja Jumapili mchana, wakitoka kusali.

Jumamosi baba alimwambia Mwaija aisiribe nyumba vizuri, wageni waikute safi. Mwaija alikanda udongo tangu asubuhi. Alianza na ukuta wa mbele, akaenda wa mashariki, akaenda wa jikoni. Alipofika wa magharibi aliona ufa chini, mwembamba kama uzi. Akatia kidole. Kidole kikazama mpaka kifundo cha pili, na vumbi laini likamwagika juu ya unyayo wake.

Alikaa pale kwa muda mrefu, udongo ukimkaukia mikononi. Alijua la kufanya. Ni kumwita baba, basi. Lakini alimjua baba yake. Angesema hatuuzi kitu kibovu kwa mtu, tutengeneze kwanza. Wangechimba, wangebeba mawe, siku zingepita, pengine mnunuzi angekata tamaa, pengine masika yangewakuta hapohapo, na mama angebaki Handeni peke yake na mgonjwa. Ndivyo alivyojieleza. Na kwamba alikuwa akiogopa kuulizwa, "Mama alikwambia lini?", hilo hakujieleza.

Akauziba ufa. Akaupaka ukuta mara mbili, ndani na nje, akaumalizia kwa udongo mweupe aliouweka akiba kwa ajili ya sikukuu. Kisha akapitisha vidole. Hakupata kupamba ukuta kwa uangalifu kama siku ile. Mistari ilishuka kutoka juu mpaka chini, jani juu ya jani. Baba aliporudi alisimama akautazama, akasema Mungu amekupa mkono, mwanangu. Mwaija akainama kunawa.

Jumapili mchana watu walikusanyika uwanjani. Jumbe Mhina alikuja na mashahidi wake wawili, karani akatandika karatasi yake juu ya kinu kilichopinduliwa. Salimu naye alikuwapo, amejiegemeza kwenye mpapai, anatafuna muwa.

Mzee Mdoe alisimama mlangoni kwake akaanza kuisema nyumba. Alitaja nguzo ya tatu kushoto, kwamba mchwa wameanza kuila kwa ndani, na akaigonga ili wote wausikie uwazi wake. Alitaja paa juu ya jiko, kwamba nyasi zimechoka na mvua ya upepo hupenya. Alitaja kwamba majirani hupita uani kwenda mtoni, ni njia ya siku nyingi, na mwenye nyumba hawezi kuifunga. Alisema yote kwa sauti ileile, kama mtu anayehesabu watoto wake.

"Huyu anaiuza au anaitukana?" alinong'ona Salimu, watu wakacheka. Hata Simeo alicheka. Kisha akamwambia jumbe kwamba mzee huyu amemtia moyo. Nguzo na paa ni kazi ya fundi, na fundi ni yeye.

Jumbe akauliza nani husiriba. Mzee Mdoe akamshika Mwaija bega, akamsogeza mbele taratibu, akamsimamisha pale aliposimama yeye.

Mwaija alitazama miguu yake. Alisema kuta ni nzima. Alisema sakafu ni nzima, ila kwenye mafiga inatoa vumbi. Hilo la vumbi alilisema upesi, akajisikia nafuu, kama aliyelipa kidogo ili asilipe sana.

Hosiana alikuwa ameshaingia ndani na mtoto wake mgongoni. Alisimama mbele ya ukuta wa magharibi, akapitisha kiganja chake juu ya majani yale ya udongo bila kuyagusa sana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kishambaa.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza. Alipoambiwa ni Mwaija, alimtazama kwa macho yaliyojaa furaha. "Huu ndio mzuri kuliko zote. Nao ni mzima, mwanangu?"

"Ni mzima, mama," alisema Mwaija.

Karani akaandika.

Handeni ni mwendo wa siku mbili kwa mtoto. Mwaija alitembea akiimba mpaka wakavuka mto, na jioni ya siku ya pili alikuwa amelala kichwa mapajani mwa mama yake. Bibi alimgusa uso kwa mkono ule uliobaki na nguvu. Kwa siku nyingi Mwaija hakukumbuka kitu kingine. Walilima, wakachoma magugu, wakangoja mvua.

Wingu la kwanza la masika lilipokusanyika, Bi Tatu alikuwa akipepeta mahindi. Aliinua macho akatazama juu, kisha akauliza kana kwamba amekumbuka jambo dogo tu. "Ule mtaro nyuma ya nyumba, baba yako aliuchimba?"

Mwaija alisema nyumba ilikwisha kuuzwa. Mama akaanza kuuliza, "Lakini mliwaambia…" Bibi akaita ndani, anataka kugeuzwa, mama akaweka ungo chini akaenda. Swali halikurudi. Lakini tangu hapo kila mvua iliponyesha Mwaija aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Wenzake walidhani anaogopa radi. Yeye alikuwa akiusikiliza ukuta ulio mbali kwa mwendo wa siku mbili, kama mtu aweza kusikia kitu kama hicho.

Wiki ya tatu ya mvua alifika Isaka, mchukuzi wa chumvi, akaletewa uji kabla hajaketi. Alikuwa na ujumbe kutoka kwa Jumbe Mhina. Ukuta wa magharibi umeanguka. Mzee Mdoe anaitwa.

Isaka hakupenda kuyasema yaliyofuata, akayasema akitazama bakuli. Kijijini wanasema Mzee Mdoe ni mwerevu kuliko dalali. Alitaja mchwa na paa ili watu wamwone mkweli, kusudi lile kubwa lisiulizwe. Simeo mwenyewe amelisema hilo mbele za watu, na Salimu amelipeleka sokoni.

Mzee Mdoe hakupandisha sauti. Aliuliza mara mbili, ukuta upi? Kisha akasema hapana, ukuta ule ulikuwa mzima, binti yake mwenyewe ndiye aliyeusema. Akaingia ndani, akautoa msahafu wa marehemu baba yake, akaufunga vizuri ndani ya kitambaa. Alimwambia Isaka kwamba hana cha kubishana na watu. Atakwenda aape mbele ya jumbe kwamba hakujua ugonjwa wa ukuta ule, wala hakuna wa nyumbani mwake aliyeujua, na neno litakwisha.

Bi Tatu alikuwa kwa bibi, akaambiwa tu kwamba jumbe anamwita mumewe. Mwaija aliyasikia yote. Wala hakuna wa nyumbani mwake aliyeujua. Aliomba aende na baba. Baba akakubali, akafurahi hata, akasema ni vizuri, wewe ni shahidi wangu.

Walitembea siku mbili, njia ina matope. Mwaija alitembea nyuma akiutazama mfuko wenye msahafu ukining'inia begani kwa baba yake. Alijiambia, tukifika kwenye ule mti uliokatwa, nitasema. Wakaupita. Tukifika Sindeni. Wakalala Sindeni. Asubuhi baba alimmenyea muhogo, akamuuliza kama miguu inamuuma, na upole ule ukamfunga mdomo zaidi kuliko hasira yoyote.

Walipofika, watu walikuwa wameshakaa uwanjani. Upande wa magharibi wa nyumba ulikuwa wazi, fito zimeinama kama mbavu. Mabonge ya udongo yalilala kwenye maji, na juu ya baadhi yake mistari ya vidole vyake ilikuwa bado inaonekana, jani hapa, nusu ya jani pale. Katikati ya matope hayo palikuwa pameota kitu. Vichipukizi vyeupe, vyembamba, vingi, vimekufa karibu vyote.

Yalikuwa maharage. Simeo alieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kukasirika. Uchaga wa jikoni wa kuwekea nafaka ulikuwa haujafungwa, kwa hiyo mkewe alizitafutia mbegu zake mahali pa kukaa. Alichagua ukuta mzuri. Alizipanga pale makanda mawili, amezifunika, zikingoja mvua za kwanza zitulie zipandwe. Hosiana na mtoto walikwenda Mombo siku tatu kumwona ndugu yake, naye Simeo siku hizo alikuwa akilala kazini kwenye mbao. Ukuta ulianguka siku ya kwanza. Aliporudi zilikuwa zimeshavimba, zimeota, zimeanza kuoza. Mbegu hizo alizipata kwa mama yake, na mama yake amekufa. Ndugu wa mlimani walikwisha kuacha kuzipanda. Hazipatikani tena.

Hosiana mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini, mtoto amelala mapajani.

Mzee Mdoe alisema pole, akaisema kwa moyo. Kisha akasema kwamba pole si kukiri. Aliyoyajua aliyasema siku ile, wote waliyasikia. Akakifungua kitambaa, akauweka msahafu juu ya kile kinu, akanawa mikono kwa maji ya kata aliyoletewa. Salimu, aliyekuwa amekuja na muwa wake tena, aliacha kutafuna. Mzee Mdoe akaunyosha mkono wake wa kulia, wenye makovu ya mkonge, akauteremsha.

"Baba, usiape."

Mwaija hakujua amesimama saa ngapi. Alisema hivi: "Ukuta ule ulikuwa mgonjwa tangu masika yaliyopita. Mama aliniambia nikwambie. Sikukwambia. Siku ya kusiriba niliona ufa, nikaupaka udongo, nikaupamba."

Jumbe aliuliza ni nani aliyemtuma kufanya hivyo. Alijibu hakuna. Aliuliza kama baba yake alijua. Alijibu hakujua.

Mzee Mdoe aliuondoa mkono wake taratibu, akaurudisha pembeni. Akaufunga msahafu tena ndani ya kitambaa chake. Alipomaliza alimgeukia jumbe.

"Siku ile mimi ndiye niliyemsimamisha mlangoni pangu aseme," alisema. "Neno lake ni langu. Nilipolileta hapa nilidhani ni zima. Nilikuja kuapa juu ya kitu nisichokitazama kwa macho yangu. Nitaujenga."

Simeo alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimwendea mzee, akampa mkono, akasema mbele ya wote kwamba alimpa jina baya na kwamba anaomba radhi. Mzee Mdoe akaupokea mkono. Watu waliondoka mmoja mmoja, bila mzaha. Salimu alipompita Mwaija alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

Kazi ilichukua siku saba. Baba alichimba mtaro kutoka nyuma ya nyumba mpaka kwenye migomba, Simeo alikata nguzo mpya na kufunga fito, na Mwaija alibeba mawe. Yale yale mawe ya mtoni aliyoyakimbia miezi yote ile, sasa aliyabeba kwenye matope, kwa njia inayoteleza. Baba hakumkaripia. Siku ya pili tu, wakiwa wawili mtaroni, alisimamisha jembe akauliza bila kumtazama, "Siku mbili tulikuwa njiani pamoja. Hukupata pa kusema?"

Mwaija aliinama akapanga mawe. Baba akangoja kidogo, akaendelea kuchimba. Maneno mengine yote aliyopata kuambiwa baadaye maishani mwake yalipita, lile swali halikupita.

Hosiana aliwaletea uji asubuhi na ugali mchana, akaviweka, akaenda. Hakuwa mkali. Hakuwa kitu chochote. Jioni, kazi ikiisha, Mwaija alichambua matope ya ule ukuta kwa vidole, bonge baada ya bonge, akitafuta mbegu iliyo hai. Alizopata alizipanda kando ya mtaro. Nyingi zilioza. Siku ya saba nne zilikuwa zimesimama, kila moja na majani mawili.

Siku hiyo ya saba ndiyo ilikuwa ya kusiriba. Mwaija aliupaka ukuta mpya mpaka ukawa laini, kisha akanawa mikono. Hosiana aliyekuwa amesimama nyuma yake akauliza mbona hajaupamba.

"Siwezi, mama," alisema Mwaija. Na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu aje.

Hosiana alimwacha alie. Alimshusha mtoto wake chini, akamketisha penye kivuli, akaja akakaa karibu na beseni la udongo.

"Nikwambie jambo linaloniuma," alisema. "Si ukuta. Ukuta huanguka, mume wangu ni fundi. Siku ile baba yako alisema nguzo ina mchwa, tukainunua nyumba na mchwa wake. Alisema paa linavuja, tukalinunua na kuvuja kwake. Ungesema ukuta huu unakunywa maji, tungeununua vilevile. Ningejua tu pa kuziweka mbegu za mama yangu."

Akamgeukia mtoto, akamfuta kamasi.

"Anayeuza anaijua nyumba, anayenunua haijui. Ndiyo maana mnasimamishwa mlangoni. Si kwa ajili ya kuwaaibisha. Mimi sikuwa na macho ya kuona ndani ya ukuta, Mwaija. Niliazima ya kwako. Kila utakapokuwa unajua kitu ambacho mwenzako hakijui, naye anakutegemea, kiseme, hata kama hajauliza, na hata kama kinakuchelewesha. Uongo wako ulikuwa wa neno moja tu, na tazama ulivyobeba vitu vingi. Ulibeba mbegu zangu, ulibeba jina la baba yako, ulikaribia kubeba na kiapo chake." Kisha akausogeza mkono wa Mwaija mpaka kwenye udongo. "Sasa upambe. Ukuta huu hauna kosa."

Mwaija akaupamba. Mistari haikunyooka kama ile ya kwanza.

Alasiri Jumbe Mhina alikuja na karani. Akaamuru nyumba isemwe upya, na safari hii akaanza na Mwaija. Mwaija alisimama mlangoni, uso umevimba kwa machozi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka njiani: ukuta wa magharibi maji hutuama nyuma yake, uliwahi kuanguka, umejengwa upya kwa mawe mguuni, mtaro wake usizibwe kamwe, na kila kabla ya masika uzibuliwe. Karani aliandika neno kwa neno. Jumbe akamwambia kwamba maneno yale ndiyo yaliyotakiwa tangu Jumapili ile, nayo hayakuwa mazito kuliko jiwe hata moja alilobeba. Akamtaka ayakumbuke atakapokuwa mkubwa na nyumba yake mwenyewe.

Waliondoka asubuhi. Hosiana aliwasindikiza mpaka kwenye mtaro, akatazama miche ile minne, akasema atajaribu kuitunza, ingawa mvua ilikuwa nyingi mno. Mwaija aliona hakuna lililobaki la kusema ila pole, akaisema.

Baba alitembea mbele, mfuko wa msahafu begani, hakugeuka. Mwaija alitembea nyuma, hatua nyingi nyuma, mpaka walipofika kwenye kijito kilichojaa. Hapo Mzee Mdoe alisimama. Alingoja mpaka binti yake akafika, akamnyoshea mkono wavuke pamoja.

"Tukifika," alisema, "mama yako utamweleza mwenyewe."

"Ndiyo, baba," alijibu Mwaija, naye akamweleza siku ileile waliyofika, kabla hata ya kunawa miguu.